Pinchi ipi ngumu zaidi? Namna ya kuzipima bila kudanganyana

Hii imeanzia kwa ubishi wa pinchi, yaani kubana kitu baina ya gumba na vidole ukakinyanyua. Pale jimu yetu ya uani, upande wa Tudor hapa Mombasa, kuna jamaa mmoja mfupi mwenye mikono minene kama mihogo, akabana pleti mbili (zile sahani za chuma za uzito) za kilo 15 kwa mkono mmoja akazinyanyua mpaka magotini, kilo 30 hizo. Mwengine mrefu, vidole kama vya mpiga udi, akabana pleti nne za kilo 5, yaani kilo 20, halafu akasema kwa kelele kwamba hichi cha kwake ndo kigumu zaidi. Basi hapo hapakukalika. Wenye kuhesabu kilo wakasema thalathini ni thalathini, mjadala umekwisha, wenye kushika wakasema nyinyi hamujui kitu, na mpaka adhana ya magharibi hakuna aliyenyanyua chuma tena, watu wabishana tu.

Mimi nkaenda nyumbani nalo kichwani manake ukweli wote wawili walikuwa na haki, na nlichogundua baada ya wiki kama tatu za kupima pima ni kwamba kilo peke yake kwa mambo ya pinchi haikwambii kitu. Kwa hivo nawaandikia hapa vile tulivofanya, na nyinyi mufanye kwenu, hakuna gharama kubwa, mbao kidogo, bolti na mtungi wa maji.

Kwanza tuelewane pinchi ni nini, manake kuna watu wachanganya. Pinchi ni gumba upande huu, vidole upande ule, kitu kipo katikati na hakuna kinachozunguka wala kunasa chini. Ukishika baa vidole vikazunguka mpaka vikakutana na gumba, hiyo si pinchi. Hata dambeli ya Thomas Inch, yule mwenye nguvu wa Scarborough kule Uingereza, ile ya paundi 172 ambayo ni kama kilo 78 yenye mpini mnene kupindukia, ile ni gripu, yaani mshiko, ya mpini mnene, mkono wafunguka lakini bado umezunguka mpini. Kwa pinchi ukilegeza gumba tu, kitu chashuka. Gumba ndo mwenye nyumba, hivi vidole vinne ni wapangaji, na karibu kila mtu atakayeshindwa atashindwa gumbani kabla ya vidole kuchoka.

Sasa kwa nini kilo zadanganya. Unapobana pleti hewani hakuna kitu kinachoishikilia kutoka chini, kinachoizuia isishuke ni msuguano tu baina ya ngozi na chuma, pande mbili. Tuseme kitu kina kilo 20, kila upande wabeba kilo 10 za msuguano. Kama chuma chenyewe na mkono wako vyashikana vizuri, tuseme msuguano ni nusu ya nguvu unayobana, basi yatosha ubane kwa nguvu ya kilo 20. Ikiwa pleti ina rangi ya kuteleza na wewe watokwa na jasho, msuguano ukashuka ukawa robo, ile ile kilo 20 sasa yataka ubane kwa kilo 40. Pleti haijaongezeka hata gramu moja, lakini kazi imekuwa maradufu! Ndo maana mtu aweza kukuonyesha vidio ya kilo 25 ukaona maajabu kumbe kabana mbao kavu isiyopigwa randa, na mwengine akabana kilo 18 za chuma laini akawa ndo mwanamume zaidi.

Na hapa kwetu hili jambo la jasho si dogo. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari hivi, hata ukikaa tu chini ya feni mkono umeloa, na hewa ya bahari haikauki. Mimi nilipima pinchi yangu asubuhi baada ya sala na nkapima tena saa nane mchana siku hiyo hiyo, tofauti ilikuwa kilo 4 na nilikuwa sijafanya zoezi lolote katikati. Kwa hivo sheria ya kwanza kama mwataka kulinganisha ni kwamba mupime saa ile ile, siku ile ile, na kila mtu apake chaki. Chaki ya jimu lakini, ile ya magnesiamu, sio chaki ya ubaoni ya shule, hiyo ya shule kwangu mimi ni kama kujipaka poda, yateleza. Ukikosa kabisa osha mikono na sabuni, ikaushe vizuri kwa kitambaa, usijipake mafuta ya nazi asubuhi halafu uje ulalamike jioni. Kutu nayo iangalieni. Pleti zetu zote zina kutu kwa ajili ya chumvi ya bahari, na kutu ngumu yasaidia kushika lakini ile ya unga unga yaondoka na chaki yako, kwa hivo zipigeni brashi ya waya kwanza.

Upana sasa. Hapa ndo penye utamu wote. Kila mkono una upana wake unaoupenda, na wengi wetu ni baina ya sentimita 5 na 6 hivi, hapo gumba lakaa vizuri na vidole vyabonyeza moja kwa moja. Ukienda upana mkubwa zaidi gumba lafunguka, lavutwa nje, na misuli ya pale katikati ya gumba na kidole cha shahada yaanza kufanya kazi ikiwa imenyooshwa, nguvu yaporomoka. Lakini haiporomoki sawa kwa watu wote, hilo ndo muhimu. Mwenye kiganja kikubwa kwenye sentimita 9 bado yuko starehe, mwenye mkono mfupi ashafika mwisho wa gumba. Na ukienda wembamba sana, sentimita 2 au 3, pia mambo yageuka, vidole vyajikunja na mwenye mkono mkubwa ndo ataabika. Hata kwenye mashindano ya pinchi ya mikono miwili kule Ulaya na Marekani watumia chombo ambacho upana wake wabadilishwa, kila mtu achagua wake, manake waliona ukiweka upana mmoja washindanisha mifupa badala ya nguvu.

Umbo pia. Chukua embe dodo ulishike kwa juu, sehemu ya juu kabisa kabla halijafika kwenye tumbo lake, ulibane ulinyanyue. Lateleza, sindio? Kwa sababu lapanuka kwenda chini, na ukizidi kubana ndo wazidi kulisukuma chini. Sasa ligeuze kichwa chini ulishike pale linapokuwa jembamba kwenda chini, lakalia vidole lenyewe. Kilo ni zile zile. Kwa hivo kitu chenye kuta zilizonyooka ni kipimo cha haki, kinachopanuka kwenda chini ni kigumu kuliko kilo zake, na kinachopanuka kwenda juu ni rahisi kuliko kilo zake, na mwenye kukwambia amebana hicho cha mwisho mwambie hongera kisha umwekee chai.

Kuna moja ya mwisho, mdomo. Pleti nyingi zina ukingo uliotokeza upande mmoja na upande wa pili ni laini. Zikibanwa pamoja lazima ule upande laini uwe nje pande zote mbili. Ukigeuza ukingo ukawa nje vidole vyanasa pale, na hapo si pinchi tena, ni kuning'iniza. Na zile pleti za kisasa zenye matundu ya kushikia, au za mpira, ziacheni kabisa, hazilingani na chochote.

Haya, tuje kwenye kupima. Wazo ni kwamba kabla hujasema pinchi hii ni ngumu kuliko ile, ujue mkono wako wenyewe wabeba kiasi gani kwenye upana huo huo, halafu uulize ile kazi yataka asilimia ngapi ya nguvu yako. Hapo ndo mtu mfupi na mtu mrefu waweza kuongea lugha moja.

Nenda kwa fundi seremala umwambie akukatie mbao ya nne kwa mbili vipande vitatu, kila kimoja sentimita 15. Baada ya kupigwa randa yangu ilitoka kama sentimita 9 kwa 4 na nusu. Kipande kimoja nkakiongezea plaiwudi ubavuni ikafika karibu sentimita 6, hichi ndo kipimo chembamba. Vipande viwili nkavigandisha kwa gundi na misumari vikawa sentimita 9, hichi kipana. Kila kipimo toboa katikati kutoka juu mpaka chini, pitisha bolti ndefu yenye pete upande wa chini, juu weka washa (kile kipete bapa cha chuma) na nati, na nati uizamishe ndani ya mbao isiguse mkono. Hakikisha uso wa kubana una kina cha kutosha, sentimita 8 au 9, usije ukawa mfupi vidole vikapita chini vikanasa.

Na hapa nilikosea nawaambia mapema. Mara ya kwanza niliacha mbao tupu. Namba zikatoka kubwa nkafurahi kweli, nkaja kwenye pleti za chuma nkaaibika mbele ya watu, kumbe mbao yashika ngozi kuliko chuma chenye rangi. Ikabidi nirudi kwa fundi wa kuchomelea, pale wanapotengeneza mageti, aniuzie vipande vya bati nene la chuma milimita 2, nkavipigilia skrubu pande zote mbili, skrubu za vichwa bapa zilizozama, nkapaka rangi ya mafuta nyeusi kama ya pleti, nkaiacha ikauke siku mbili. Baada ya hapo kipimo kikaanza kusema kweli.

Uzito wake ni mtungi. Ule wa lita 20 wa kuchotea maji, kila lita ni kilo moja, mtungi wenyewe mtupu ni kama kilo moja hivi lakini upime, usiamini maneno yangu. Muuza samaki yeyote ana mizani ya kuning'iniza, mwombe dakika mbili. Funga kamba fupi kutoka kwenye pete mpaka kwenye mshikio wa mtungi, kwa wenye nguvu zaidi funga pleti ya kilo 10 pamoja na mtungi ndo uanze kuongeza maji. Raha ya maji ni kwamba waongeza nusu lita nusu lita, kwa pleti huwezi, pleti ndogo kabisa tuliyonayo ni kilo mbili na nusu. Jaza lakini, mtungi ukiwa nusu maji yachezacheza na kukupokonya, kwa hivo wakati mwengine ni bora upunguze pleti ujaze mtungi.

Kupima kwenyewe: simama mguu huku na mguu huku, mtungi katikati, mkono umenyooka, bana kwa gumba katikati ya uso, usisogeze kiwiko wala usiegemeze mkono pajani, nyanyua mtungi uache ardhi kama kiganja kimoja, shikilia hesabu mbili, shusha. Ukidondosha haihesabiki hata kama ulinyanyua mpaka kifuani. Majaribio matatu tu kwa upana mmoja, pumzika dakika tatu nne katikati, gumba lachoka haraka na halikwambii. Siku moja upana mmoja, siku ya pili upana mwengine, usipime zote jioni moja halafu ile ya pili ukaisingizia upana.

Sasa sikilizeni ubishi wetu ulivokwisha. Pleti mbili za 15 upana wake ni karibu sentimita 6, pleti nne za 5 ni sentimita 9 na kidogo, kwa hivo vile vipimo viwili vyaingiana nazo bila shida. Mfupi kwenye chembamba alitoa kilo 33, kwenye kipana kilo 19. Mrefu kwenye chembamba kilo 28, kwenye kipana 22 na nusu. Piga hesabu: kwa mfupi zile kilo 30 ni asilimia 91 ya nguvu yake, na zile kilo 20 ni asilimia 105, yaani hawezi. Tukamwambia ajaribu pleti nne, hakuzitoa hata ardhini. Kwa mrefu kilo 30 ni asilimia 107, hawezi, na kilo 20 ni asilimia 89, anazo. Kila mmoja alikuwa asema kweli ya mkono wake! Mimi mwenyewe nina 26 na 17, kwangu moja ni asilimia 115 na nyengine 118, karibu sawa, na zote siwezi, kwa hivo mimi ndo nlikuwa mwamuzi wa haki.

Mkishajua hivo mwaweza kuziangalia zile kazi maarufu za pinchi kwa jicho jengine. Wamarekani wao waongea kwa paundi kwa hivo ntaweka na kilo. Mlango wa kuingilia ni pleti mbili za paundi 25, jumla kilo 22 na ushee, nyembamba na zashikika, mwanamume mzima mwenye kufanya mazoezi kwa miezi kadhaa azifikia. Baadae pleti mbili za 35, karibu kilo 32, hapo ushakuwa mtu wa kuulizwa. Halafu pleti mbili za 45, ambazo ni kilo 41 kasoro kidogo kwa mkono mmoja, hiyo ni kazi nyengine kabisa, kutoka 35 mpaka 45 ni kilo 9 tu kwa karatasi lakini kuna watu wamekaa hapo katikati miaka. Na pleti za 45 hazilingani zenyewe kwa zenyewe, za zamani nyengine nene nyengine nyembamba, nyengine laini nyengine zakwaruza, kwa hivo mtu akisema kabana mbili za 45 swali la kwanza ni za kampuni gani na upana gani.

Ngazi nyengine ni ile ya pleti ndogo ndogo za paundi 10, tano, kisha sita. Tano ni paundi 50, sawasawa kabisa na mbili za 25, na hapo ndo muone uongo wa kilo kwa macho, manake mtu anayezirusha mbili za 25 kama mkate wa mofa aweza kusimama mbele ya hizo tano akakosa hata kuzitikisa. Mbali na upana kuna kitu chengine, zile za katikati hazikugusi, zashikiliwa na wenzake tu, ukipunguza kubana kidogo ya katikati yachomoka yakuangukia mguuni. Kwa hivo hesabu ya asilimia kwenye hii ongeza kidogo, kipimo cha mbao hakina shida hiyo.

Na kuna Blob. Hichi ni kichwa kimoja cha dambeli ya zamani ya kampuni ya York ya paundi 100 iliyokatwa, karibu paundi 50, na aliyekifanya kijulikane ni Mmarekani Richard Sorin. Ukiangalia namba wasema kilo 22 kitu gani, lakini ni kipana, kingo zake ni za mviringo, hakuna pa kuegemea, ni lile embe dodo nlilowaambia lakini la chuma. Kwa mwenye mkono mkubwa naona yaweza kuwa rahisi kuliko mbili za 45, kwa mwenye mkono kama wangu ni kinyume na mbali sana. Blob kwa hapa sijaiona kwa macho, ila mafundi wa ujenzi wana ndugu yake, bloki ya simenti ya inchi 4, jaribu kuibana kwa juu kwa mkono mmoja. Upana kama sentimita 10, lakini simenti yakwaruza yashika vizuri, kwa hivo usijisifu mapema, na yachuna ngozi.

Kitovu cha pleti nimekiweka mbali makusudi. Ile ya kunyanyua pleti ya kilo 20 kwa kubana kile kitovu kilichotokeza katikati, watu waiweka kwenye foleni moja na nyengine lakini mimi naona ni mnyama tofauti. Kina ni kifupi, waingiza ncha za vidole tu, gumba halipati nyama yote, na vitovu vyatofautiana mno, chengine kimenyooka chengine kimeteleza kama kofia. Usikilinganishe na pinchi ya upana, linganisha kitovu na kitovu, pleti ile ile.

Mara ngapi kwa wiki? Mbili zatosha, na pale chini ya gumba karibu na kifundo pakianza kuuma asubuhi wakati wa kufungua chupa, acha wiki nzima, pale pakiharibika hapaponi haraka. Weka tairi kuukuu au mchanga chini, sisi tumeshapasua sakafu ya watu na kidole kimoja cha mguu.

Mfupi sasa amehamia kwenye kile kipimo kipana, wiki iliyopita alifika kilo 20 kamili, kwa hivo pleti nne ziko karibu, na mrefu ameanza kununa. Ila mtungi wenyewe ni wa nyumbani, siku maji ya mfereji yakifunguliwa watakiwa urudi mbio, na jana tulikuwa katikati ya jaribio la tatu wakati mtoto alipokuja kuuchukua.